Safari ya Kwanza Ng'ambo: Karatasi Zisomwe Kabla Pesa Haijatoka

Somo kwa vijana na wazazi wa maeneo ya majani chai

Bonasi ya majani chai inapoingia, kila boma katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet huwa na mipango yake. Kuna karo ya shule, mabati, ng'ombe wa maziwa. Miaka ya hivi karibuni umeongezeka mpango mwingine, nao ni nauli ya kijana anayekwenda ng'ambo. Mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi za vibarua katika mashamba makubwa, na vijana wengi wanatazama mbali zaidi. Wako wanaokwenda Saudi Arabia, Qatar na Dubai kufanya kazi za nyumbani, ulinzi au udereva. Wako wanaokwenda masomoni, na wako wanariadha wanaoalikwa mbio zao za kwanza nje ya nchi.

Wengi husafiri salama, hufanya kazi na kurudi. Wanaopata shida ng'ambo, mara nyingi shida yao ilianzia nyumbani, siku pesa zilipolipwa kabla ya karatasi kusomwa. Kwa hiyo somo hili linafuata karatasi za msafiri moja baada ya nyingine, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi kibandiko cha mzigo.

Ili somo lieleweke, uchukuliwe mfano wa kijana wa kubuni, mwenye umri wa miaka 22, kutoka Mogogosiek katika Kaunti Ndogo ya Konoin. Amemaliza shule, ana kitambulisho, na amesikia kuna kazi Riyadh. Mama yake ana bonasi mkononi na yuko tayari kuuza ndama mmoja kuongezea.

1. Majina yalingane

Kazi ya kwanza haihitaji wakala wala pesa. Kijana akae mezani na mzazi, watoe cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha KCSE, kisha wasome jina herufi kwa herufi.

Katika jamii ya Wakipsigis shida hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Kipngetich, kitambulisho kinasema Kipng'etich, na cheti cha shule kinasema Kipngeitich. Nyumbani wote wanajua ni mtu mmoja. Afisa wa viza au karani wa ndege hamjui, naye husoma tu alichoandikiwa. Vivyo hivyo kwa binti ambaye cheti kimoja kina jina la baba na kingine hakina, au aliyeandikishwa jina la ubatizo shuleni tu.

Tofauti kubwa isahihishwe mapema, kabla ya pasipoti kuombwa, katika ofisi ya usajili wa watu au ya usajili wa vizazi. Kuhusu alama ya ng', mistari ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wa picha katika pasipoti, ambayo husomwa na mashine, haitumii alama hiyo. Hata tiketi za ndege huandikwa bila alama hiyo, na hilo si kosa. Kosa ni herufi kupungua au kuongezeka, au jina zima kuachwa.

2. Pasipoti

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen na Idara ya Uhamiaji. Kijana anaweza kujaza fomu mwenyewe kwa simu, au aende Huduma Centre ya Kericho au ya Bomet aelekezwe. Atahitaji kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, nakala ya kitambulisho cha mtu anayemdhamini, na picha za pasipoti. Baada ya kulipa huchagua ofisi na siku ya kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Baadhi ya ofisi zilizo karibu na wakazi wa huku ni Kisii, Nakuru, Kisumu na Eldoret.

Ada ya pasipoti ya kawaida yenye kurasa 34 ilipandishwa mwaka 2024 kutoka Sh4,500 hadi Sh7,500. Kiasi kamili huonekana kwenye ankara ya eCitizen, na malipo ya serikali hupitia nambari 222222. Anayeomba pesa kwa nambari yake binafsi “ili kuharakisha” asipewe.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakiza muda chini ya miezi 6 kabla ya kuisha. Pili, pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya iliyokabidhiwa msafiri. Wakala anaweza kuhitaji nakala, na ubalozi unaweza kuishika kwa muda wakati wa viza. Lakini pasipoti isigeuzwe rehani, ibaki mikononi mwa wakala hadi deni lilipwe.

3. Ahadi na uthibitisho

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mfano wa simu ambayo mama wa Mogogosiek anaweza kupigiwa ni huu:

“Mama, nafasi zimebaki mbili tu. Tuma elfu arobaini kabla ya saa kumi jioni, ama kijana atakosa.”

“Nimesikia. Niambie kwanza jina la kampuni yenu, vile limeandikwa kwenye leseni.”

“Hayo utayaona mkija Nairobi, mama. Wengine wanalipa sasa hivi.”

“Basi wacha hao walipe. Sisi tutakuja tukishaona leseni.”

Mama huyo amefanya jambo la maana kuliko yote katika safari nzima. Kazi halali husubiri siku tatu.

Kampuni zinazopeleka watu kazini ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Orodha ya kampuni zilizosajiliwa iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Kijana atafute jina, kisha alinganishe mambo manne: jina la kampuni katika orodha, jina katika leseni ukutani, jina katika risiti, na jina linalotokea M-Pesa au benki wakati wa kulipa. Majina hayo manne yakiwa tofauti, pesa isitumwe. Leseni pia isomwe tarehe, maana huwa na mwisho.

Jirani aliyefika kanisani au sokoni akisema ana “mtu Nairobi” si kampuni. Huenda ana nia njema, lakini mambo yakiharibika hana ofisi ya kushtakiwa.

Kuna habari ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua. Mwaka 2022, na tena mwaka 2025, Wakenya walirudishwa nyumbani baada ya kuahidiwa kazi Thailand na kuishia kuvushwa mpaka hadi Myanmar, ambako walifungiwa na kulazimishwa kuwalaghai watu kwenye mtandao. Septemba 2025, polisi waliokoa zaidi ya watu 20 katika eneo la Athi River waliokuwa wakiandaliwa kwenda Urusi kwa ahadi za kazi. Baadhi ya waliotangulia Urusi kwa ahadi kama hizo walijikuta katika vita vya Ukraine. Kati yao walikuwemo vijana waliosoma, wenye vyeti na kompyuta.

Dalili zinazofanana katika visa hivyo ni hizi. Mtu huharakishwa. Huambiwa asiseme sana. Husafirishwa kwa viza ya utalii, akiambiwa “itabadilishwa ukifika huko”. Na mshahara huwa mkubwa mno kwa kazi isiyohitaji ujuzi. Viza ya utalii ni ya kutembea. Anayeingia nayo kwenda kufanya kazi huwa amevunja sheria tangu siku ya kwanza, na mwajiri mbaya hulitumia kosa hilo kumnyamazisha.

Kwa mwanafunzi, uthibitisho ni wa chuo chenyewe. Aandikie chuo barua pepe kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, si ile aliyopewa na wakala, aulize kama amepata nafasi kweli. Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo. Aulize pia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa Kenya. Kwa mwanariadha, mwaliko uthibitishwe na waandalizi wa mbio na na Athletics Kenya, na makubaliano na meneja yawe ya maandishi, yakionyesha asilimia anayokata.

4. Mkataba

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje ya nchi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na uidhinishwe na afisa wa leba. Kabla ya kuuidhinisha, afisa anapaswa kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, hakudanganywa wala kulazimishwa, ameyaelewa masharti, na amepimwa afya. Hii ni haki ya msafiri, na haifai kuonekana kama usumbufu wa kuepukwa. Kwa kazi za nyumbani Saudi Arabia, mkataba huandikishwa pia katika mfumo wa nchi hiyo uitwao Musaned, na mfanyakazi apewe nakala. Msafiri wa kazi za nyumbani pia hupitia mafunzo kabla ya kuondoka, katika taasisi iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, NITA. Asikubali kununuliwa cheti bila kuhudhuria. Darasa hilo ndilo linalomfundisha kutumia mashine za nyumba za huko na kujua pa kupiga simu.

Mkataba usomwe na watu wawili, kijana na mtu mwingine wa nyumbani. Watafute humo jina kamili la mwajiri na mji wake, kazi yenyewe, mshahara na sarafu yake, saa za kazi na siku ya mapumziko, chakula na malazi, matibabu, muda wa mkataba, na nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi. Neno lisiloeleweka liulizwe kabla ya sahihi.

Kisha ipigwe hesabu. Riyali ya Saudi imefungwa kwa dola, riyali 3.75 kwa dola moja. Dola ikiwa karibu Sh129, riyali moja ni karibu Sh34. Mkataba ukisema riyali 1,000 kwa mwezi, huo ni mshahara wa takriban Sh34,000. Wakala aliyesema Sh60,000 kwa mdomo atakuwa amesema uongo, na ni karatasi itakayofuatwa, si mdomo.

Hesabu ya pili ni ya deni. Familia ikikopa Sh120,000 kugharimia safari, na kijana akaweza kutuma Sh20,000 kwa mwezi baada ya matumizi yake, basi miezi 6 ya kwanza ni ya kulipa deni tu, bila riba. Ng'ombe aliyeuzwa hatarudi kabla ya hapo. Familia ikilijua hili mapema, haitamsumbua kijana kwa maombi ya pesa mwezi wa pili. Shinikizo hilo ndilo huwafanya wengine kutoroka kazi halali wakitafuta ya mshahara mkubwa zaidi.

5. Vyeti vya polisi na afya

Cheti cha polisi cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole zinaweza kuchukuliwa Huduma Centre. Kiombwe mapema, maana huchukua muda.

Nchi nyingi hutaka cheti cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri atokaye Kenya. Chanjo ichanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa cheti huanza kufanya kazi baada ya siku hizo. Tangu Julai 2016, chanjo moja hutambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo anayeambiwa airudie kila miaka 10 anapotezewa pesa. Cheti kinunuliwacho bila sindano hakikingi ugonjwa, na ni kosa la jinai.

6. Tiketi na saa

Tiketi nyingi za kutoka Nairobi ni za usiku, na hapa msafiri wa kwanza hupotea kwa sababu ya kuhesabu saa.

Tiketi ya kijana wa Mogogosiek inasema ndege inaondoka tarehe 14, saa 00:25. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 00:25 ni saa sita na dakika 25 za usiku wa kuamkia tarehe 14. Anayejiandaa kuondoka nyumbani tarehe 14 asubuhi atafika uwanjani ndege ikiwa imeshatua Riyadh. Kijana huyu anapaswa kuwa uwanja wa Jomo Kenyatta saa tatu na nusu usiku wa tarehe 13, yaani karibu saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kutoka Bomet kupitia Narok, au kutoka Kericho kupitia Nakuru, safari ya matatu ni saa tano hadi sita barabara ikiwa nzuri. Mvua huko Mai Mahiu, au kazi za kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, zinaweza kuongeza saa kadhaa. Kwa hiyo aondoke nyumbani tarehe 13 asubuhi, saa mbili. Akifika mapema hatadaiwa chochote, na akichelewa atanunua tiketi nyingine.

Saa za kule pia zijulikane. Riyadh na Doha saa ni sawa na za Kenya. Dubai wako mbele kwa saa moja. London wako nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi.

7. Mzigo

Kilo zinazoruhusiwa zimeandikwa kwenye tiketi. Mzigo upimwe nyumbani au kwa jirani mwenye mizani, maana kilo za ziada hulipiwa ghali uwanjani.

Pasipoti, mkataba, dawa, pesa na simu vikae katika mkoba wa mkononi. Betri ya kuchajia simu pia iwe humo, kwa sababu hairuhusiwi katika mzigo unaowekwa chini ya ndege. Vitu vya majimaji katika mkoba huo, kama mafuta na sabuni, visizidi mililita 100 kwa chupa.

Mursik hubaki nyumbani. Sotet iliyojaa haiwezi kupita katika ukaguzi wa mkoba wa mkononi, na nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza haziruhusu msafiri atokaye Kenya kuingia na maziwa wala nyama. Anayetaka zawadi ya nyumbani achukue pakiti ya majani chai iliyofungwa kiwandani, na kama fomu ya kuingia nchi inauliza kuhusu vyakula, aitaje. Miraa ni marufuku Uingereza tangu 2014. Dawa kali za maumivu zenye kodeini au tramadol zinadhibitiwa vikali katika Milki za Kiarabu. Dawa yoyote ibebwe katika pakiti yake pamoja na barua ya daktari.

Na msafiri asibebe kabisa mzigo wa mtu mwingine. “Mpelekee tu dada yangu, atakungoja uwanjani” ni maneno ambayo yamewafunga watu. Machi 2025 mahakama ya Vietnam ilimhukumu Mkenya mmoja adhabu ya kifo baada ya kokeini ya zaidi ya kilo 2 kupatikana katika mizigo yake. Saudi Arabia pia ina adhabu ya kifo kwa usafirishaji wa dawa za kulevya. Sanduku lipangwe na msafiri mwenyewe, lifungwe na yeye, na asilipe kisogo hadi alikabidhi kwa kampuni ya ndege.

8. Uwanjani na ndani ya ndege

Mpangilio ni ule ule karibu kila mahali: ukaguzi mlangoni, meza ya kampuni ya ndege ambapo mzigo hupimwa na kadi ya kupandia ndege hutolewa, kisha uhamiaji, ukaguzi wa pili, na mlango wa ndege. Kwenye meza ya kampuni ya ndege, kijana aulize kama mzigo unafika mwisho wa safari, kisha asome herufi tatu kwenye kibandiko chake. RUH ni Riyadh, JED ni Jeddah, DOH ni Doha, DXB ni Dubai, LHR ni uwanja wa Heathrow, London. Kipande cha kibandiko anachopewa akitunze, kwa kuwa ndicho ushahidi mzigo ukipotea.

Afisa wa uhamiaji, wa Kenya au wa kule aendako, anaweza kuuliza anakwenda wapi, kufanya nini, kwa muda gani, atakaa kwa nani na amebeba pesa ngapi. Jibu liwe fupi na la kweli. Wakala anayemfundisha kijana majibu ya uongo, kwa mfano aseme anakwenda harusini wakati anakwenda kazini, amejifichua mwenyewe. Hapo bado kuna nafasi ya kurudi nyumbani.

Anayebadilisha ndege njiani afuate mabango yenye maneno Transfers au Connections. Lile la Arrivals ni la wanaoingia mjini. Aangalie nambari ya ndege yake kwenye skrini, kwa sababu mlango unaweza kubadilishwa. Asilale mbali na mlango wake bila kuweka kengele ya simu.

Kuhusu baridi, mkazi wa Kericho huona amezoea. Lakini mvua ya mchana ya huku si baridi ya Berlin mwezi wa Januari, ambayo huweza kushuka chini ya sufuri, na jua la hapa si joto la Doha mwezi wa Julai, linalopita nyuzi 40. Koti zito lisiwekwe chini ya sanduku kwa anayekwenda kaskazini. Anayekwenda Ghuba ajiandae kunywa maji mengi.

9. Wiki ya kwanza

Kabla ya kuondoka, kijana aandike kwenye karatasi nambari tatu za nyumbani na kuzikariri, kwa kuwa simu inaweza kuchukuliwa au kuzimika. Laini yake ya Kenya aiache hai, kwa sababu benki na M-Pesa hutuma nambari za siri huko. Nakala za pasipoti, viza na mkataba ziachwe kwa mzazi, na picha zake zitumwe pia kwa barua pepe ya kijana mwenyewe.

Waafikiane siku na saa ya kuwasiliana, kwa mfano kila Ijumaa jioni. Wakubaliane pia neno moja la kawaida linalomaanisha “nina shida lakini siwezi kusema”. Linaweza kuwa swali kuhusu ng'ombe ambaye hayupo. Familia ijue kwamba Milki za Kiarabu huzuia kupiga simu za sauti kwa WhatsApp, ingawa ujumbe wa maandishi hupita. Simu isipoingia siku ya kwanza si lazima kuwe na msiba.

Akifika, atume anwani halisi ya mahali anapolala: mtaa, jengo, jina la mwajiri na nambari yake. Mtu akipotea, ubalozi huanza na anwani. Jina la nchi pekee halitoshi kumtafutia mtu.

10. Mambo yakiharibika

Sheria za Saudi Arabia, Qatar na Milki za Kiarabu haziruhusu mwajiri kumnyang'anya mfanyakazi pasipoti, ingawa wako wanaofanya hivyo. Mshahara ukikwama, kazi ikibadilishwa au mtu akipigwa, aweke ushahidi: tarehe, ujumbe, picha. Kisha awasiliane na ubalozi wa Kenya. Kuna balozi Riyadh, Doha, Abu Dhabi, London, Berlin na Bangkok, na ofisi ya ubalozi mdogo Dubai.

Kutoroka bila kumwambia yeyote kuna madhara yake. Saudi Arabia, mwajiri anaweza kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, nao huita hali hiyo huroob. Mfanyakazi aliyeripotiwa hivyo hupoteza uhalali wa kukaa, hata kama ndiye aliyedhulumiwa. Kwa hiyo ubalozi uarifiwe kwanza. Ila maisha yakiwa hatarini, aondoke aende polisi au ubalozini mara moja, mengine yatafuata.

Nyumbani, familia isikae kimya kwa aibu. Ipeleke nakala zile zile kwa NEA, kwa Idara ya Serikali inayoshughulikia Wakenya walio ughaibuni, na kwa polisi. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 inampa anayepatikana na hatia kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili. Kesi kama hiyo huhitaji karatasi: risiti, ujumbe, jina la aliyepokea pesa. Familia iliyotunza karatasi ina pa kuanzia.

Kalenda ya msafiri

Miezi 5 kabla: kulinganisha majina, kusahihisha vyeti, kuomba pasipoti.

Miezi 3 kabla: kuthibitisha kampuni, chuo au mwaliko, kuomba cheti cha tabia njema, mafunzo.

Miezi 2 kabla: kusoma mkataba na kuupeleka kwa afisa wa leba, kupiga hesabu ya mshahara na deni, viza.

Mwezi 1 kabla: chanjo, kulinganisha jina la tiketi na la pasipoti, kusoma saa ya tiketi kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya kutoka nyumbani.

Wiki 1 kabla: nakala kwa mzazi, nambari za kukariri, neno la siri, kupima mzigo.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika baraza

1. Tiketi inasema ndege inaondoka tarehe 2, saa 01:10. Msafiri wa Litein aondoke nyumbani tarehe ngapi, saa ngapi?

2. Mkataba unasema riyali 1,200. Wakala amesema Sh55,000. Ni upi ukweli, na mzazi afanye nini?

3. Kampuni iko katika orodha ya NEA, lakini pesa inaombwa itumwe kwa nambari yenye jina la mtu binafsi. Je, itumwe?

4. Kijana wa jirani amepata “kazi ya kompyuta” nchi ya mbali, viza ni ya utalii, na anaondoka keshokutwa. Nani katika kijiji anaweza kuketi naye leo jioni, na amuulize nini kwanza?

Swali la nne lisiachiwe wazazi peke yao. Chifu, mwalimu, mchungaji na mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai huwa wa kwanza kusikia nani anasafiri. Wakiuliza “karatasi ziko wapi, tuzisome pamoja” siku mbili kabla ya safari, kijana bado anaweza kurudishiwa pasipoti yake, na ndama bado yuko zizini.